Re: Jaffna kuna nini zaidi ya habari za vita?

Mkuu, huko Jaffna, Sri Lanka, kuna mengi zaidi ya ile vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyoisha 2009. Umeuliza pia kama ni kweli kule kuna mibuyu. Ipo, kisiwa cha Delft karibu na Jaffna, na kule Mannar, kisiwa kingine kusini zaidi. Inasemekana mbegu zililetwa na wafanyabiashara Waarabu kutoka huku kwetu Afrika.

Jaffna ni rasi ya Watamil, watu wenye lugha yao ya Kitamil, kaskazini mwa Sri Lanka. Ardhi ni tambarare, ya mawe ya chokaa, mto wa kudumu hakuna. Mvua ikinyesha inazama chini, kwa hiyo watu na mashamba wanategemea visima.

Ila mti wenyewe wa Jaffna ni mvumo wa Asia, mti wa jamii ya mnazi, ndugu wa mvumo wetu wa Afrika. Makuti yake wanazungushia ua, utomvu wanagema tembo au wanapika sukari guru. Kinachonifurahisha zaidi: mbegu wanaifukia ichipue, wanachimbua chipukizi lake, wanalianika na kulisaga unga. Unga huo ndio unafanya nzito supu yao ya kaa, kamba na samaki, inaitwa kool. Pilipili humo usiseme!

Ukienda, lenga Agosti, sikukuu ya Nallur, hekalu la Kihindu hapo Jaffna, siku 25. Wanaume mnaingia vifua wazi. Maktaba yao iliyochomwa 1981 nayo imejengwa upya, ipitie.