"Uzee" si jina la ugonjwa: kwa watarajali wapya wa kliniki ya wazee

Wiki iliyopita nilifungua faili la mama wa miaka 74 nikakuta mmoja wenu ameandika, mahali pa utambuzi wa ugonjwa, neno moja tu: "uzee". Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa sababu miaka 11 iliyopita ningeliandika mimi mwenyewe, tena kwa mwandiko mbaya zaidi.

1. Mzee akisema kwamba mwili unawaka moto, moyo unakwenda mbio au usingizi umempotea, usiridhike na kipimo cha malaria na vidonge vya tumbo. Wazee wetu wengi hawana desturi ya kusema kwamba wana huzuni. Mgongo na kichwa ndivyo vinavyowasemea. Pima inavyopasa, kisha uliza nani amefariki, shamba liko mikononi mwa nani, kiinua mgongo kiliisha lini, na wajukuu wangapi wanakula kwake.

2. Aliyechanganyikiwa ghafla, kwa siku mbili tatu, mtafutieni kwanza maambukizi, sukari na orodha ya dawa anazomeza. Amitriptilini, dawa ya sonona inayoweza kuzuia mkojo, kwa babu mwenye tezi dume iliyovimba mnajua inavyoishia: katheta, yaani mpira wa kutolea mkojo, saa nane za usiku.

3. Zungumzeni na mgonjwa, si na msindikizaji. Hapa ndipo ninapodaiwa.

Nikiwa mgeni kazini katika kituo kimoja cha afya mkoani Shinyanga, aliletwa bibi aliyekuwa akilalamikia macho na kukosa usingizi. Mwanawe wa kiume alijibu kila nilichouliza, nami nikashukuru, kwa kuwa foleni ilikuwa imefika hadi kwenye mwembe. Macho ya bibi yalikuwa mekundu, kama yalivyo ya wanawake wengi waliopikia kinyesi kikavu cha ng'ombe miaka nenda miaka rudi katika jiko lisilo na dirisha. Nilimwandikia dawa ya kupaka, na kwa kutaka kumchangamsha nikamwambia, "Bibi, kwa macho haya utawatisha wajukuu." Mwanawe alicheka. Bibi alijifunga khanga yake upya, akasema, "Asante, mwanangu," akatoka.

Mtu aliyezaliwa Usukumani hawezi kuutamka utani huo, na mimi nilizaliwa Usukumani. Nilijua kwamba wanawake wazee wameitwa wachawi na kuuawa kwa mapanga kwa sababu ya wekundu huo huo, lakini siku ile nilikuwa ninaitazama foleni.

Miezi miwili baadaye alirudishwa kwa machela, amekonda, ameacha kula na ameacha dawa za presha. Mjukuu wake wa kike, nilipobaki naye kando, ndiye aliyenieleza kwamba bibi alihamishwa kutoka kijijini kwake usiku baada ya kukuta barua ya vitisho mlangoni, na kwamba tangu alipotoka kliniki alikuwa haketi uani mchana, kwa kuwa hata daktari alikuwa ameyaona macho yake. Mwili ulipata nafuu polepole. Chumba changu hakukiingia tena. Aliomba ahudumiwe na muuguzi wa zamu, na haki ilikuwa yake.

4. Kabla ya kuandika kwamba mzee hajibu maswali, mchungulieni masikio. Babu mliyempigia kelele Jumatatu alikuwa na nta katika sikio la kulia. La kushoto lilisikia vizuri kabisa mlipomwita msumbufu.