Uliza Dada: Tiketi ya Kujitolea Si ya Bure

Maswali mengi mliyoleta safari hii ni ya matamasha ya muziki ya kiangazi kule Ulaya, hasa Glastonbury ya Uingereza na Roskilde ya Denmark, na nusu yenu mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti kwa hiyo nimechagua machache. Usiyependa makelele na matope ruka tu ukurasa.

Shikamoo dada. Glastonbury kila nikijaribu kununua tiketi ukurasa unaganda mpaka zinaisha. Rafiki yangu kaniambia nijitolee, eti naingia bure na naona shoo zote. Kweli hiyo? – Mkosa Tiketi

Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako kakupa nusu ya habari. Kuingia utaingia, ila hiyo bure anayoisema mi siioni, na "shoo zote" ndo kabisa asikudanganye.

Iko hivi. Mashirika ya hisani kama Oxfam ndo yanapeleka wasimamizi wa kujitolea pale, na kabla hawajakupokea wanakudai amana, kiasi cha kukaribiana na bei ya tiketi, ili usije ukavaa reflekta asubuhi ya kwanza alafu ukapotelea kwenye umati. Ukimaliza zamu zako zote unarudishiwa, ukikwepa hata moja umeiaga hela yako. Zamu ni 3, kila moja saa 8 na robo. Kwa kawaida kuna ya kumi na mbili kasorobo alfajiri mpaka saa nane mchana, kuna ya saa nane kasorobo mpaka saa nne usiku, na ile ya usiku wa manane, nne kasorobo mpaka kumi na mbili asubuhi. Hiyo robo saa inayogongana ni ya kupokezana, mwenzako akueleze geti limeamkaje. Roskilde hesabu yao ni saa 32 ndo unapata tiketi, na kule wanaojitolea ni kama watu 30,000, yaani mji mzima wa watu wanaofanya kazi ili wenzao wacheze.

Sasa angalia ratiba. Wasanii wakubwa wa Pyramid Stage, jukwaa kuu la Glastonbury, wanapanda usiku, mitaa ya saa nne hivi. Ukipangiwa zamu ya usiku siku anayopiga yule uliyemfuata, utamsikia kwa mbali tu huku unamuelekeza mtu choo kiko wapi. Zamu ya mchana inakuachia saa nne, na geti unaloweza kupangiwa liko pembeni kabisa ya shamba linakofanyika tamasha, mpaka upenye umati ufike jukwaani nyimbo kadhaa zimeshapita. Kwa hiyo swali la kujiuliza si "nitaingiaje", ni "nikimkosa nani nitalia". Kama jibu ni mtu mmoja na huwezi kabisa kumkosa, basi komaa na tiketi ya kununua, kujitolea sio kwa ajili yako. Kama unachotaka ni kuwa pale, kuzunguka, kukuta bendi usiyoijua saa tisa alasiri kwenye kihema cha pembeni, hapo utafurahi mpaka basi.

Na faida zipo, nisiwe mchoyo. Wasimamizi wa Oxfam wana kambi yao, kuna bafu la maji moto, sehemu ya kuchaji simu na kuponi ya chakula kwa kila zamu. Anayelipa tiketi kamili anapanga foleni ya vyote hivyo, au anakaa bila kuoga mpaka Jumatatu, wapo wengi wa hivyo na wanajisikia sawa tu.

Jambo jingine kabla sijasahau, usinunue tiketi kwa mlanguzi. Tiketi ya Glastonbury inatoka na picha ya mwenye nayo, unasajiliwa mapema kabla hata hazijaanza kuuzwa, kwa hiyo ya mtu mwingine ni karatasi tu. Na usipange kwa ajili ya 2026, mwaka huo ni wa mapumziko, shamba linaachwa lipumue kama lilivyoachwa 2018. Lile ni shamba la ng'ombe wa maziwa kweli, sio jina la mapambo.

Dada mi nakupinga kabla hujaanza. Wasanii wanalipwa mamilioni, waandaaji wanatajirika, sisi tufagie bure tuambiwe tunajitolea? Huo si unyonyaji wa wazi? – Msema Kweli

Wala hunipingi, tunakubaliana sehemu kubwa. Jibu langu ni moja, uliza hela inakwenda wapi. Roskilde ilianza 1971 na inaendeshwa bila faida ya mtu binafsi, kinachobaki kinagawiwa kwenye miradi ya jamii na utamaduni. Wale wasimamizi wa Oxfam kule Glastonbury, tamasha linailipa Oxfam kwa kazi yao, kwa hiyo zile saa zako zinageuka hela ya misaada. Hapo mi sioni unyonyaji, naona mchango unaotolewa kwa miguu.

Ila yapo matamasha ya kibiashara kabisa, yana wenye hisa, yana wadhamini kila kona, alafu yanatafuta "timu ya kujitolea" wabebe vyuma na kuuza vinywaji, malipo fulana. Hao waambie wakuajiri. Kazi ambayo isipofanyika biashara ya mtu haifunguki hiyo ni ajira, hata wakuvalishe beji nzuri vipi. Kabla hujasaini kitu waulize mambo matatu tu, shirika gani linanufaika, nikiumia nani ananitibu, na saa zangu mwisho ngapi. Akianza kuzungukazunguka ondoka.

Mwaka 1970, Glastonbury ya kwanza kabisa, kiingilio kilikuwa pauni 1 na maziwa ya shambani unakunywa bure, watu kama 1,500 wakaja. Siku hizi pale wanajaa zaidi ya 200,000. Ukubwa huo hauendeshwi na wapenda muziki watatu na ng'ombe, nalielewa hilo, ndo maana nasema fuata hela.

Hujambo mwandishi. Nataka kujitolea ila mi ni mtu wa kukaa ofisini, kazi gani inanifaa? Na tafadhali usiniambie vyoo. – Mtu wa Kiti

Sijambo. Nitakuambia vyoo.

Sikia kwanza. Kila mtu anakimbilia geti kwa sababu inaonekana ya heshima, unavaa reflekta, unashika redio kolu, unakagua mikanda ya mkononi. Kumbe ni kusimama saa nane palepale, jua likiwa jua lako na mvua ikiwa mvua yako, na kuulizwa swali lilelile mpaka unalijibu usingizini. Watu wa ofisini ndo wanaoumia zaidi pale, sio mgongo, nyayo. Kazi ya kutembea inachosha kidogo kuliko ya kusimama, amini usiamini.

Kundi la vyoo na maji, shirika la hisani la WaterAid wanalo pale Glastonbury, wanazunguka, wanacheka, kazi inaonekana imeisha ikiisha. Vile vyoo vyenyewe vingi ni vya shimo, havina kemikali, unafagia, unapiga maji, unaweka karatasi, unasonga. Harufu unaizoea haraka kuliko unavyodhani. Na kazi hii ndo inayofanya lile tamasha lisiwe janga, maana watu wakikuta choo kichafu wanakojoa vichakani, mkojo wa watu laki mbili unaingia kwenye kijito na samaki wanakufa, ndo maana mabango ya kukataza yamejaa shamba zima.

Wengine ni waokota taka. Wanaanza alfajiri wakati wenzao wamelala, mchana wako huru, usiku wako huru, na kwa mtu anayetaka kuona wasanii wakubwa hii ratiba ni tamu kuliko zote. Ila wengi wanabaki siku kadhaa baada ya kila mtu kuondoka, na pale unaona mahema mazima yametelekezwa, viti, magodoro, gambuti moja moja, unabaki unajiuliza hivi binadamu tukoje. Plastiki imepungua kidogo tangu 2019 walipoacha kuuza maji ya chupa za plastiki, unakuja na chupa yako unajaza bombani.

Shikamoo mama. Binti yangu ana miaka 19 anataka kwenda Roskilde na wenzake. Nimesikia kuna mwaka vijana walikufa pale. Nimkataze? – Mama Mwenye Wasiwasi

Mama mwenzangu, ulichosikia ni kweli, tarehe 30 Juni 2000 vijana 9 walikufa mbele ya jukwaa kubwa la Orange, wakati bendi ya Pearl Jam inapiga. Ardhi ilikuwa imelowa, watu wakasukumana kwenda mbele, wengine wakaanguka, walio nyuma hawakujua kinachoendelea wakazidi kusogea. Baada ya hapo walibadilisha sana, mbele ya jukwaa pamegawanywa kwa vizuizi, kila kizimba kina mlango wake na idadi yake, kikijaa kimejaa hata ulie. Mi nisingemkataza. Ningekaa naye chini nikamfundisha, kwa sababu hili jambo linafundishika, na litamsaidia hata kwenye uwanja wa mpira.

Watu wengi wanadhani hatari ni kukanyagwa. Mara nyingi sio hivyo, mtu anakosa pumzi akiwa amesimama, kifua kimebanwa mbele na nyuma hakiwezi kufunguka kuvuta hewa. Wakifika watu watano kwenye mita moja ya mraba hapo tayari pagumu, wakiwa sita saba umati unaanza kwenda kama maji, wimbi linakubeba na miguu yako haina usemi. Dalili ni rahisi: kama huwezi kunyanyua mkono ukajikuna uso bila kumgusa mtu, umekawia kutoka. Mwambie aondoke palepale, sio baada ya huu wimbo.

Akijikuta ameshabanwa, mikono aiweke mbele ya kifua kama bondia, hiyo nafasi ndogo ndo pumzi yake. Asipigane na wimbi, lipite, likilegea asogee kwa mshazari kuelekea pembeni, kidogo kidogo. Simu ikidondoka imeenda, asiiname kabisa kabisa. Akiona mtu kaanguka wamnyanyue kwanza, kelele baadae. Na tangu mwanzo wasimame ubavuni mwa jukwaa badala ya katikati, unaona vizuri tu na njia ya kutoka iko karibu.

Kingine wakubaliane sehemu ya kukutana isiyohama, mnara, hema la huduma ya kwanza, sio "tupigiane", maana mtandao kwenye umati ule unalemewa. Na mama, binti akikupigia mara moja kwa siku shukuru, usimpigie kila saa ukamalizia chaji.

Mambo dada, mi naishi nje ya Uingereza, nikiingia kwa viza ya matembezi naweza kujitolea au nitakamatwa? – Msafiri

Poa. Sheria ya viza ya mgeni ya Uingereza inaruhusu kujitolea mpaka siku 30 kwa jumla, sharti iwe kwa shirika la hisani lililosajiliwa na isiwe ndo sababu kuu ya safari yako. Tamasha la kibiashara halimo humo. Shirika lenyewe nalo lina masharti yake ya umri na karatasi, Oxfam kwa mfano hawachukui chini ya miaka 18, waandikie kabla hujakata ndege na ubaki na majibu yao kwa maandishi.

Dada naenda kama mtazamaji tu, hela nimelipa. Nibebe nini? Na masikio yangu yanauma kwa urahisi. – Mlipa Kamili

Hongera, hadithi za zamu hazikuhusu. Masikio kwanza, maana mengine utanunua palepale kwa bei ya kuchefua. Sauti ya desibeli 85 sikio linavumilia kama saa 8, na kila ikiongezeka desibeli 3 muda unakatika nusu, kwa hiyo ikifika 100 umebakiwa na dakika 15 tu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kuwa kwenye kumbi na matamasha wastani usizidi hiyo 100, maana yake hata tamasha likifuata mwongozo barabara wewe bila viziba masikio unaumia. Nunua vile vya wanamuziki vinavyopunguza sauti bila kuifanya iwe kama unasikia ukiwa chini ya shuka, na usisimame mbele ya spika hata kama pana nafasi, pana nafasi kwa sababu.

Mengine: kiangazi cha Uingereza kisikudanganye. 2005 mvua ya Ijumaa asubuhi ilizamisha mahema Glastonbury, 2016 matope yalikuwa habari ya taifa. Gambuti beba hata utabiri ukisema jua. Jua nalo mwezi wa sita linatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, saa mbili hema lako haliingiliki kwa joto, kwa hiyo kitambaa cha kufunika macho na kivuli ni muhimu kuliko godoro. Usiku baridi, sweta. Tochi ya kichwani, maana chooni unahitaji mikono yote miwili. Pawabenki, karatasi ya chooni yako mwenyewe, chupa ya maji. Hema usiweke bondeni hata kama ndo karibu na jukwaa, na kamba zako zifunge kitu cheupe, kuna mtu atapita hapo saa tisa usiku haoni hata miguu yake.

Mi na mchumba wangu tunajitolea wote, tutapangwa zamu moja? – Wawili

Mkiomba mapema mara nyingi mnaunganishwa, jazeni fomu siku moja na kila mmoja amtaje mwenzake, mkichelewa mnapangwa panapobaki. Ila kuunganishwa ni zamu, geti ni bahati, mnaweza kuwa na saa zilezile mmoja yuko kaskazini ya shamba mwingine kusini. Na mkigombana zamu ya usiku msimamizi hatawabadilishia.