Mwanangu, kuhusu hiyo namba sita

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu. Umeniuliza kocha anataka kukutoa namba kumi, yule mchezeshaji wa nyuma ya straika, akushushe namba sita, kiungo mkabaji wa mbele ya mabeki, na wewe namba kumi umeicheza toka mtoto, sasa ukubali au uombe kuondoka dirisha dogo, ule usajili wa katikati ya msimu, kama wakala wako anavokwambia. Nimekaa nayo siku mbili sikutaka kukujibu haraka haraka, na baba yako nae ana lake, yeye anasema usikubali kabisa manake magoli ndo yanauza mchezaji. Mi nakwambia kubali, shuka.

Usije ukadhani nakuona umeshindwa. Unakumbuka ulivokuwa na miaka 13 wakakuweka benchi mechi nzima, nikajua leo tutarudi unalia, kumbe njia nzima ukawa unanielezea beki wa kushoto anachelewa kurudi, straika wetu anakimbilia kulekule alipo mwenzake, na pale katikati pamebaki peupe na hakuna anayepaona. Miaka 13! Hicho ndo kipaji chako, kuona. Mbio huna sana na mwenyewe unajua, na namba kumi ya siku hizi unapokea mpira goli umelipa kisogo, watu wawili wako kwenye visigino vyako, timu zinakaba kuanzia juu, ule muda wa kutuliza mpira ukainua kichwa ukachagua wa kumpa haupo tena. Muda huo umehamia nyuma, kwa namba sita. Na makocha wengi wameshaacha kabisa kuwa na namba kumi wa kusimama tu asubiri mpira.

Kamtazame Andrea Pirlo, yule Muitaliano. Huyu nae alikuwa namba kumi, Inter hawakumpatia nafasi, 2001 wakampeleka Brescia kwa mkopo, kufika kule namba kumi ni Roberto Baggio, sasa utamtoa Baggio? Kocha wao Carlo Mazzone akamrudisha mbele ya mabeki awe anaanzisha mipira kutokea chini. Alipohamia Milan, kocha Ancelotti nae akaja kumchezesha hukohuko chini, na 2006 akabeba Kombe la Dunia na Italia akiwa hukohuko. Alafu 2011 Milan wakamwacha aondoke bure ana miaka 32, akaenda Juventus, akakaa misimu minne na ligi wakachukua yote minne. Angeng'ang'ania ile namba yake ya utotoni sidhani kama leo ningekuwa nakutajia jina lake. Na Sergio Busquets, namba sita mwingine, hajawahi kuwa na mbio maisha yake, lakini toka kocha Guardiola ampandishe timu kubwa ya Barcelona 2008 amecheza hadi 2025. Namba kumi asiye na mbio akifika miaka 28 wanaanza kumtafutia mrithi.

Umesema utapotea, hakuna atakayekuona. Hilo nakuelewa, linauma, kwa kweli mkata umeme, yaani namba sita, haimbwi na mashabiki. Ila Real Madrid walimwachia namba sita wao Makélélé aende Chelsea 2003 wakiwa wamejaza mastaa mbele, na ligi ya Hispania hawakuichukua tena mpaka 2007, wakati Chelsea ligi ya Uingereza wameichukua 2005 na 2006 yeye akiwa pale katikati. Watu wa mpira wanaona mwanangu, hata kama jukwaa halioni.

Sasa kazi yenyewe, hapa nataka unisikilize vizuri manake mechi yako ya mwisho nilikuangalia wewe tu sikuangalia mpira. Unasubiri mpira ufike mguuni ndo unageuza shingo. Ukiwa namba kumi ukipokonywa kule juu kuna watu nane nyuma yako, ukipokonywa ukiwa namba sita ni wewe na mabeki wawili na kipa, lile ni goli. Kwahiyo angalia bega la kulia, bega la kushoto, mpira bado uko njiani, na usiupokee umekaa mraba, kifua chote kimeuelekea mpira, kaa upande upande ili mguu wa mbali ndo uupokee na uwe tayari umeshaona mbele. Pasi ya kwanza iwe rahisi. Zile chenga zako nazipenda, Mungu anajua, lakini ziache mpaka uvuke katikati ya uwanja. Alafu kadi, usiruke miguu yote miwili dakika ya kumi, namba sita mwenye njano mapema anacheza mechi nzima amefungwa mikono.

Kuhusu wakala. Wewe msimu huu umeshacheza mechi rasmi na timu yako, na sheria ya FIFA kwa kawaida inakuruhusu kucheza mechi rasmi za timu mbili tu kwa msimu, kwahiyo ukihama dirisha dogo na huko wakakuweka benchi umekwama hapohapo mpaka msimu uishe, hakuna pa kukimbilia. Mkataba wako unaisha katikati ya mwaka kesho, na ukibakiza miezi sita unaruhusiwa kusaini na timu nyingine bila hii ya sasa kulipwa ada ya uhamisho. Wakati huo utakuwa umeshacheza namba sita muda wa kutosha, una nafasi mbili za kujiuzia badala ya moja. Mwambie wakala akusubiri, anafanya kazi yako wewe.

Kesho nenda kwa kocha kabla ya mazoezi, sio baada, akiwa hana haraka. Muulize vitu viwili. Atakupa mechi ngapi za kukosea kabla hajakutoa, na nani atakaa pembeni yako pale kati, manake kama ni peke yako bila wa kukusaidia kukimbia basi omba namba nane kwanza, kiungo wa kupanda na kushuka, kuomba hivo sio utovu wa adabu. Ukishaongea nae nipigie, hata usiku.

Baba yako ntaongea nae mimi. Na Jumamosi usinitafute pale nnapokaaga siku zote, ntakaa nyuma ya goli, kutokea kule ndo naona vizuri umesimama wapi.

Mama yako