Leseni ya vileo kwenye sheli: nilisaini muhtasari, nikajuta

Mleta mada, nimeyasoma maelezo yako mara mbili. Una minimaketi ndani ya uzio wa sheli, njia ya Makambako kuja Mbeya. Umeomba leseni ya vileo, halmashauri imekunyima, na kilomita chache mbele yako kuna sheli inauza bia mchana kweupe. Unauliza ukate rufaa au uachane nayo. Nitakujibu kwa yaliyonikuta, maana nimewahi kukaa upande wa pili wa meza: miaka mitano nilikuwa mjumbe wa serikali ya mtaa, upande wa Uyole, barabara kuu ya kwenda Tunduma ikipita mbele ya nyumba zetu.

Kwanza tuweke sawa jambo ambalo wachangiaji wamelichanganya. Kibali cha EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ni cha mafuta. Leseni ya biashara ya duka inakuruhusu kuuza sabuni, maji na biskuti. Bia ina leseni yake, chini ya Sheria ya Vileo ya 1968, na halmashauri huitoa kwa miezi sita tu: Aprili hadi Septemba, kisha Oktoba hadi Machi. Huo muda mfupi una kazi yake, nitaurudia.

Kwetu mwombaji alikuja na barua na tabasamu. Mwenye sheli alitaka kufungua grosari kwenye chumba cha pembeni, viti nje, turubai juu. Tulikaa wajumbe ofisini kwa mwenyekiti, akatuahidi kuweka taa mbili kwenye kona yetu yenye giza, tukaridhika. Kikao hakikufika nusu saa. Hakuna hata mmoja wetu aliyenyanyuka kwenda kuona eneo, na ni mwendo wa dakika tano kwa miguu. Muhtasari ukaandikwa "wananchi hawana pingamizi", nasi hatukuwa tumemuuliza mwananchi yeyote. Nikasaini.

Ile sentensi ndiyo iliyotembea. Kata iliona mhuri wetu, nayo ikagonga wake. Afisa afya alikuja akakagua choo, maji na vyeti vya kupima afya vya wahudumu, kazi yake akaifanya vizuri. Polisi waliuliza habari za fujo na kelele. Faili lilipofika kwenye bodi ya vileo, kila karatasi ilikuwa imeegemea nyingine, na ya chini kabisa ilikuwa yetu, ile ya nusu saa. Ndiyo maana watu wanaolaumu halmashauri peke yake nawaambia warudi kwanza mtaani kwao.

Sasa sikiliza kilichotokea, na usidhani ni mambo ya ulevi tu. Bia haiji peke yake. Haikupita wiki tatu, ikaja nyama. Kijana mmoja akaweka jiko la nusu pipa la kuchomea kuku, kwenye ukuta wa nyuma ambako upepo haumsumbui. Jioni moja napita hapo, nakuta lori la mafuta limeegeshwa linashusha petroli, mpira umeingia kwenye tangi la chini, na lile jiko linawaka. Nilipima kwa miguu yangu kutoka kwenye mfuniko wa tangi hadi kwenye makaa: hatua kumi na mbili. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukapotea, unatambaa chini kama maji na kutafuta mahali pa kutuama. Huhitaji kuuona. Binti wa pampu alikuwa anamwomba mchoma kuku azime, karibu analia, na mteja mmoja mwenye chupa mkononi anamjibu, "Dada, kuku wangu nimeshamlipia." Nilichukua ndoo ya kuoshea vioo vya magari nikaimwaga yote kwenye makaa. Walinitukana sana, sikujali. Usiku ule sikulala. Si kwa matusi. Niliwaza nyumba zilizopo nyuma ya ule ukuta, na jina langu kwenye muhtasari.

Hapo ndipo nikaelewa thamani ya ile miezi sita. Machi ilipokaribia, mwenye sheli alihitaji muhtasari mpya. Safari hii tulimwomba mwenyekiti aitishe mkutano wa wananchi, ukafanyika uwanjani. Mama mmoja anayeuza viazi pembeni ya barabara alisimama akasema, "Mwenyekiti, mimi nakaa pale kuanzia asubuhi hadi usiku. Anayekunywa pale hatoki kwa miguu. Anatoka na funguo." Akakaa. Hakuna aliyepata la kuongeza. Tuliandika muhtasari wa kweli: idadi ya waliohudhuria, zile hatua kumi na mbili, jiko, na kwamba wananchi wanapinga. Leseni haikuhuishwa. Yule bwana alitununia miezi kadhaa, kisha akahamishia grosari kwenye kiwanja kingine mtaa wa ndani, mbali na matangi, na biashara yake inaendelea mpaka leo.

Kuna mchangiaji amesema mbona Uingereza sheli zinauza mvinyo. Zipo zinazouza, lakini angalieni sharti. England na Wales, Sheria ya Leseni ya 2003, kifungu cha 176, inakataza kileo mahali ambapo kazi yake kuu ni sheli. Kwa hiyo mwombaji anatakiwa kuonyesha kwamba watu wanafuata duka zaidi ya mafuta, na halmashauri hutaka kuona hesabu za wateja: wangapi walinunua mafuta tu, wangapi walinunua mkate na maziwa, wangapi vyote viwili. Scotland, kwa sheria yao ya 2005, wanaangalia kama wakazi wa pale wanalitegemea kwa kiasi kikubwa hilo duka kwa vyakula au hiyo sheli kwa mafuta. Sisemi tuige kila kitu. Nasema swali lao ni zuri: mteja wako ni nani?

Basi wewe fanya hivyo kabla ya kukata rufaa. Kwa wiki mbili mpe kijana daftari, aandike kila anayeingia dukani: amekuja kwa miguu, bodaboda, gari dogo, basi, lori. Najua barabara yako. Ni malori ya Zambia na Kongo, ni vijana wa magari ya IT, yale yanayopitishwa kwenda nchi jirani, wanaokimbizana na muda wa kufika Tunduma, na mbele yao kuna mteremko wa Iwambi ambao hata dereva ambaye hajanywa anaushuka akiomba Mungu. Sheria ya Usalama Barabarani inaweka kikomo cha miligramu 80 za kileo kwa mililita 100 za damu, ila pale kwenye kaunta yako hakuna atakayepima. Usiniambie utauza chupa zilizofungwa tu za kwenda nazo nyumbani. Nyumbani kwa dereva wa lori ni kwenye kabini. Somo hilo tulilipata kwa viroba, zile pombe kali za vifuko, mpaka vikapigwa marufuku Machi 2017.

Na ile hoja ya baridi, kwamba huku kwetu mwezi wa saba dereva anahitaji kitu cha kupasha mwili, naomba tuiache. Pombe inafungua mishipa ya ngozini, unasikia joto usoni huku mwili unapoteza joto la ndani. Anayetetemeka saa sita usiku Makambako anahitaji supu, chai ya tangawizi, maji ya moto ya kuoga na mahali salama pa kulala na gari lake. Hivyo vyote unaweza kuviuza bila kuomba leseni ya vileo, na nimeona sheli zinazojaa malori kwa ajili ya supu tu.

Kama daftari litaonyesha wateja wako wengi ni wanakijiji wenye vikapu, na duka liko mbali na matangi, lina mlango wake upande wa makazi, hapo una hoja. Omba sababu za kunyimwa kwa maandishi, peleka hesabu yako kwenye mkutano wa wananchi, si kwa wajumbe wanne ofisini, na uwahi kabla kipindi cha Oktoba hakijaanza. Kuhusu jirani yako anayeuza, nenda kasome muhtasari wa kijiji chake uone umeandikwa nini na umesainiwa na nani.

Ukimaliza hizo wiki mbili, zilete hapa hizo namba tuzipige hesabu pamoja.