Kwa mnaoanza kazi kambini: ulizeni kwanza njia anayorudia mama

Wenzangu mnaoripoti Dadaab, kwenye kambi za wakimbizi huku Kenya, kwa mara ya kwanza, mtafundishwa mengi kuhusu chakula: vipimo, kadi, foleni. Hayo ni ya lazima. Lakini nawaomba mwanze na swali jingine: mama huyu akishapokea unga wake, atarudi kwake kwa njia gani, na saa ngapi?

Mimi swali hilo lilinifika nikiwa nimeshachelewa. Ilikuwa 2011. Julai 20 Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa Bakool ya kusini na Shabelle ya Chini, huko Somalia, na watu wakawa wanavuka mpaka kwa maelfu. Kambi zetu za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilikuwa zimefurika, wageni wakajenga vibanda vyao pembezoni, vichakani. Siku moja lori lilichelewa. Tuligawa hadi jua likazama, tukapongezana kwamba hakuna aliyetoka mikono mitupu. Kesho yake alfajiri mama mmoja alikuwa mlangoni, kamba ya gunia bado ameizungusha kiganjani. Gunia halikuwapo. Walimvizia njiani.

Kwa hiyo wajawazito, wanaonyonyesha na mabinti wanaolea wadogo zao watangulie asubuhi, na wanaokaa upande mmoja waondoke pamoja. Jua likielekea kuzama na foleni bado ndefu, fungeni, mwendelee kesho. Mtalaumiwa. Vumilieni.

Kuni nazo msizisahau. Maharagwe makavu hukaa motoni saa nyingi, kuni ziko mbali porini, na anayetumwa ni msichana. Kila mkigawa cha kuchemshwa muda mrefu bila jiko linalookoa kuni, mmempeleka porini mara moja zaidi. Sijui kwa nini jambo hili huachwa mpaka mwisho wa kikao, watu wakiwa wamechoka.

Halafu mkalimani. Binti wa miaka kama kumi na mitano alimleta mdogo wake kliniki. Nilizungusha utepe wa kupimia lishe kwenye mkono wa mtoto ukasoma chini ya milimita 115, rangi nyekundu, utapiamlo mkali. Sote tukamkimbilia mtoto. Binti alisimama kando akiukunjakunja upindo wa mtandio wake. Nilimuuliza kama yeye ni mzima. Mkalimani wetu alikuwa mwanamume wa ukoo wake, akajibu kabla binti hajafungua mdomo: mzima. Ni mkunga, dada wa Kisomali, aliyemshika mkono akaenda naye nyuma ya pazia. Huko ndiko alikosema. Alikuwa amebakiwa na saa chache tu kati ya zile 72 ambazo dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi inaweza kumsaidia aliyebakwa.

Shikeni saa hizo kama mnavyoshika namba ya simu ya nyumbani: 72 kwa virusi, 120 kwa kuzuia mimba, na kuwahi ni bora zaidi. Msimwambie aende polisi kwanza. Akitaka kushtaki, msaidieni, lakini dawa haingoji fomu. Msimsimulishe upya kwa kila afisa anayepita. Na kabla hata hajaja, hakikisheni kuna mkalimani mwanamke katika kila zamu, ya usiku pia, awe na mshahara wake kamili, asiwe wa kuombwaombwa.