Siku gofu ikikukataa, usifukuze mikwaju iliyokwisha kupotea

Jumamosi moja mwaka jana nilitoka uwanja wa Kitante pale Kampala na kadi ya mikwaju 104. Handikapu yangu, yaani mikwaju ya ziada ninayopewa juu ya kiwango cha uwanja, ni 18, manake uwanja wa kiwango cha mikwaju 72 kama ule kwa kawaida naumaliza kwa 92, 93 hivi, siku nzuri 88. 104 nilikuwa sijaiona miaka mingi. Nikaendesha gari mpaka Tororo, kama kilomita 200, redio nimezima, nikafika nyumbani nikala kimya mpaka mama watoto akaniuliza, "Baba Amina, kuna mtu amefariki?" Na alikuwa anauliza kweli, uso umembadilika. Hapo ndo nikaona hili jambo lazima nilitafutie dawa, manake mchezo niliouanza ili nipumzishe kichwa baada ya wiki nzima ya malori na makaratasi ya forodha pale Malaba sasa umeingia mpaka mezani kwa watoto.

Ntawaeleza ilivyokuwa, labda mtajiona humo.

Mashimo saba ya kwanza nilikuwa sawa kabisa, nimezidi kiwango kwa mikwaju sita tu, kwa mtu wa handikapu yangu hiyo ni siku ya kufurahia. Shimo la nane, ambalo kiwango chake ni mikwaju minne, nikapiga draiva, ile fimbo ya kupiga mbali, mpira ukaenda kulia nje ya mipaka. Sawa, inatokea, unapiga tena pale pale na sasa, pamoja na adhabu, unahesabu wa tatu. Nao ukaenda huko huko. Sasa nasimama napiga wa tano, mikono inatetemeka, watu watatu wananiangalia wamenyamaza ile kimya ya msibani. Nikatoka hapo na tisa. Lakini wajua, tisa haikuniua. Kilichoniua ni kile nilichofanya nikitembea kwenda shimo la tisa, nilianza kupiga hesabu. Nimepoteza mitano, yamebaki mashimo kumi, nikipata mmoja pungufu ya kiwango hapa na mwingine pale nitarudi. Na mtu anayepiga hesabu ya namna hiyo hachezi tena shimo lililo mbele yake, anacheza lile la nyuma. Shimo la tisa nikang'ang'ania kurusha mpira juu ya miti badala ya kuutoa pembeni, mpira ukagonga tawi, nikazidi kiwango kwa mikwaju mitatu zaidi. Nusu ya kwanza 50. Nusu ya pili 54, na sehemu kubwa ya hiyo 54 ni mimi kufukuza.

Kazini kwangu hii tabia naijua sana ila sikuwahi kuiona kwenye mwili wangu. Dereva wa lori akikwama siku mbili kwenye foleni ya mpakani, akiruhusiwa tu anataka azirudishe zile siku mbili kwa usiku mmoja. Hapumziki, hali, anakanyaga mafuta, na ndo hao tunasikia wamelala mtaroni kabla hata ya kufika Iganga. Wale wanaofika Kampala salama ni wale waliokubali kwamba siku mbili zimeenda, wanampigia simu mwenye mzigo, wanamwambia nitachelewa, wanaendesha kama kawaida. Mimi huwa nawashauri hivyo kila wiki, halafu nikiwa na fimbo mkononi nafanya kama yule wa mtaroni.

Dawa yenyewe nilifundishwa na kedi, mtu anayekubebea begi la fimbo. Wiki chache baadaye nilirudi Kitante, nikapewa mzee mmoja ambaye amebeba mabegi pale tangu mimi niko shule. Shimo la tano nikaharibu vibaya, nikapata nane. Nikafika kwenye tii, pale pa kuanzia, ya shimo la sita nanyoosha mkono nipewe draiva, nakuta mzee ameivalisha soksi yake na ameisukuma chini kabisa ya begi, amenishikia fimbo namba saba. Nikamwambia, "Mzee, shimo hili ni refu, nipe draiva." Akasema, "Bosi, draiva imechoka, iache ilale mashimo mawili." Hakucheka. Nikapiga namba saba, mpira ukakaa katikati, namba saba tena, halafu chipu, kile kimkwaju kifupi cha karibu na shimo, nikamaliza kwa bogi, yaani mkwaju mmoja juu ya kiwango. Bogi! Kwa mtu wa handikapu 18 bogi ndo mshahara wake, hamna deni hapo. Tangu siku ile nimejiwekea hivyo: baada ya shimo baya, mashimo mawili yanayofuata draiva inalala, natafuta bogi mbili za kawaida, za kuchosha, zisizo na hadithi. Ikifika la tatu mapigo ya moyo yameshuka na naweza kuamua kwa akili yangu mwenyewe tena.

Na msidhani haya ni ya sisi wa Jumamosi tu. Novemba 2020, siku ya mwisho ya Masters, mashindano makubwa ya gofu kule Augusta, Marekani, Tiger Woods, bingwa wa mwaka uliotangulia, alifika shimo la 12, shimo fupi tu la mikwaju mitatu, akatia mipira mitatu majini na kuandika kumi. Tiger! Ushindi alikuwa hana tena, angeweza kabisa kutembea tu mpaka mwisho. Lakini kwenye mashimo sita yaliyobaki akapata mmoja pungufu ya kiwango kwenye matano. Akamaliza na 76. Ukiiangalia ile 76 kwenye karatasi ni siku mbaya, ila mi nikifundisha mtu gofu namuonyesha yale mashimo sita kabla ya ushindi wake wowote.

Kuna kitu kingine ambacho kingenisaidia sana kama ningekijua mapema, nacho ni jinsi handikapu inavyohesabiwa. Watu wanaogopa kadi mbaya mpaka wanaificha au wanaichana, kumbe mfumo wa handikapu wa dunia ulioanza 2020 unachukua raundi zako 20 za mwisho na kutumia nane bora tu. Zile kumi na mbili nyingine zinakaa pembeni. Tena hata kwenye raundi yenyewe kila shimo lina kikomo, ni mikwaju miwili juu ya kiwango cha shimo, ongeza na ile unayopewa na handikapu yako. Mimi napewa mmoja kila shimo, kwa hiyo kwenye shimo la mikwaju minne kikomo changu ni saba, ile tisa iliyonikosesha usingizi kwenye handikapu ilisomwa saba. Na mkicheza kwa Stableford, ambapo kila shimo lina pointi zake badala ya kujumlisha mikwaju, ndo nafuu zaidi, saba ni sifuri na tisa ni sifuri ile ile, ukishaona huwezi kupata pointi unaokota mpira, unapumua, unatembea. Kwa hiyo tafadhali andika kadi yako yote, isaini, irudishe. Ukiificha unajidanganya wewe na unawadhulumu wenzako, manake handikapu itasema we ni mchezaji ambaye siye.

Sheria pia zijue, manake ukiwa umechanganyikiwa ndo unapoteza mikwaju ya bure. Kutafuta mpira ni dakika tatu, zile tano ziliisha 2019, na kama una wasiwasi umepotea au umetoka nje piga mpira wa akiba kabla ya kuondoka kwenye tii, ila utamke kwa sauti kwamba ni wa akiba. Mpira ukiingia kichakani usipigane nacho, tangaza kwamba hauchezeki, adhabu ni mkwaju mmoja na unaweza kuudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili bila kusogea karibu na shimo. Mkwaju mmoja! Mi nishawahi kutumia minne kichakani kwa sababu ya kiburi. Na miezi hii ya mvua mpira ukijizika kwenye tope la sehemu ya kawaida ya uwanja, huo unautoa bila adhabu yoyote. Jinja wao walikuwa na ya kwao tena, mpira ukiingia kwenye unyayo wa kiboko uliuinua bure, manake viboko walikuwa wakitoka majini usiku kuja kula majani. Nikicheza Jinja huwa nafurahi hata nikiwa nacheza vibaya, sijui ni yale maji au ni nini.

Kunywa maji. Kula kitu kati ya nusu mbili, ndizi, karanga, nusu ya rolex, ile chapati ya mayai. Hasira nyingi za shimo la kumi na tatu ni njaa.

Halafu ushauri wa marafiki. Siku ile ya 104, tulipomaliza nusu ya kwanza mmoja akaniambia nainua kichwa, mwingine akasema mkono wa kulia unabana, wa tatu akasema miguu imekaa vibaya. Wote walinipenda, wote walitaka kunisaidia, na nikaanza kuwaza kichwa, mkono na miguu kwa wakati mmoja. Siku hizi nasema asante ndugu zangu, tutaongea nikimaliza. Katikati ya raundi hutengenezi mkono, cheza na ule mkono uliokuja nao.

Na wewe kwa upande wako usiwaharibie siku. Usirushe fimbo, usilalamike kila mkwaju, mwenzio akipiga vizuri mpongeze kwa moyo. Hili la kedi linaniuma mpaka leo: siku ile ya 104 nilimlipa kijana aliyenibebea begi kiwango cha chini kabisa bila hata kumwangalia usoni, kana kwamba yeye ndo alipiga mipira nje. Alikuwa amekimbia kwenye majani marefu kutafuta mipira yangu siku nzima. Niliporudi nikamtafuta, nikamwomba msamaha na kumpa iliyobaki. Akapokea akasema hamna neno, lakini lilikuwepo neno.

Nyumbani usikimbilie kununua. Mi jioni ile nilishampigia jamaa mmoja simu kuhusu draiva nyingine, nikiamini yangu ndo mchawi. Kesho yake baada ya chai nikachukua daftari nikaandika raundi nzima shimo kwa shimo kwa kumbukumbu, na nikapigwa na butwaa. Mikwaju ya kwenye grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, peke yake ilikuwa 41. Mashimo saba nilitumia mitatu kuingiza badala ya miwili! Saba nzima zimeenda hapo, na hakuna hata moja niliyokuwa nimeikasirikia, manake mpira uliopotea unaonekana na kila mtu lakini ule wa mita moja uliopita pembeni ya shimo unausahau kabla ya kufika tii inayofuata. Nikamwambia jamaa wa draiva asamehe. Badala yake sasa jioni nikitoka Malaba mapema napitia uwanja wetu hapa chini ya mwamba wa Tororo, dakika ishirini kwenye grini ya mazoezi, mipira mitatu tu. Ya mbali kwanza, mita kumi, najifunza kuifikisha karibu, halafu ya mita moja mpaka giza.

Mwezi uliopita Kitante nimepiga 94. Shimo la nane nilipata sita, mpira mmoja ulienda nje kule kule kulia, lakini grini nilitumia 34. Mama watoto aliniuliza imekuwaje nikamsimulia, tukaongea mambo ya ada za shule. Jumamosi hii naanza saa moja na nusu asubuhi, nimeshamwomba yule mzee anibebee begi, na soksi ya draiva nimeifua.