Maswali na Majibu: Taa za Modeli, Kuanzia Liemba Hadi Tembe la Kwihara

Barua za safari hii zimetoka Kigoma na Tabora, na karibu zote zinauliza habari za taa. Nikitazama picha mlizotuma naona ugonjwa mmoja: taa ni nyingi mno, tena kali mno. Nyumba za zamani usiku zilikuwa na giza, jamani.

Shikamoo fundi. Nimetengeneza Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, kwa boksi gumu, urefu sentimita 70. Nikiwasha taa za ndani, badala ya madirisha ya duara kuwaka, ubavu mzima unang'aa. (Kijana wa Ujiji)

Marahaba. Meli yenyewe ina urefu wa mita 71 hivi, kwa hiyo umeipunguza mara mia, kipimo kizuri. Boksi hupitisha mwanga hata likiwa nene. Fungua sitaha, paka ndani rangi nyeusi mikono miwili, ikikauka paka nyeupe juu yake. Nyeusi inazuia mwanga usivuje, nyeupe inausambaza. Wapo wanaobandika foili. Mimi siipendi, kwa sababu inapitisha umeme na waya ukichubuka kidogo tu unapata shoti. Kwenye madirisha weka vipande vyembamba vya ule mti wa gundi ya moto, uvikate kwa wembe. Vinafanya mwanga uwe wa ukungu na taa yenyewe haionekani. Supagluu iache mbali na plastiki angavu, mvuke wake huacha utando mweupe.

Taa ya LED ya milimita 5 kwenye modeli yako ni sawa na taa ya nusu mita, kwa hiyo ifiche. Zinazofaa ni zile punje za taa za mapambo zenye waya mwembamba wa shaba. Ukizikata, kwangua ncha za waya kwa wembe kabla ya kuunga, maana zimepakwa vanishi. Na usisahau taa za safari: ukisimama ukitazama mbele ya meli, nyekundu iwe kushoto, kijani kulia, nyeupe kwenye mlingoti. Nimeona modeli nyingi zimegeuza hizo rangi, na mabaharia wa bandarini Kigoma hawatakusamehe.

Mwalimu mwenzangu na mimi tunatengeneza na wanafunzi tembe (nyumba ya udongo ya paa bapa) la Kwihara, la wakati wasafiri Livingstone na Stanley wanakaa pale. Tumeweka balbu moja ndogo katikati ya dari kila chumba. Wanafunzi wanasema inapendeza, mimi naona kuna kitu hakijakaa sawa. (Mwalimu, Tabora)

Jicho lako halikudanganyi, Mwalimu. Hao wawili walikaa Kwihara mwanzoni mwa 1872, na balbu ya Edison ikaja 1879. Ng'oeni zote za darini.

Taa ya utambi huwekwa chini: juu ya kigoda, kwenye jamvi, au kwenye kishubaka cha ukuta. Shusheni mwanga, muone vivuli vinavyopanda ukutani na boriti za dari zinavyobaki gizani. Vyumba viwili vikiwaka vinatosha, vingine viacheni vyeusi. Kama mna ua wa ndani, taa moja nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo itamwaga mstari wa mwanga uani, na hapo mtazamaji atainama kuchungulia. Mimi ningeishia hapo.

Rangi nayo ina maneno. LED nyeupe ya kawaida ina ubuluu wa ofisini. Mwali wa mshumaa uko karibu na Kelvini 1900 (kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikiwa ndogo mwanga huwa wa chungwa zaidi), wakati hata LED zinazouzwa kama nyeupe ya joto nyingi zinaanzia 2700. Pakeni taa rangi ya kucha ya chungwa iliyo nyepesi, au maka ya njano na juu yake nyekundu kidogo. Mkitaka icheze kama moto, nunueni mshumaa wa betri wa madukani, mpasue, mtoe LED iliyomo. Ina kidude ndani kinachoifanya ipepesuke. Kwa betri mbili za AA iwekeeni rizista (kidude kinachopunguza umeme) ya omu 100. Moja tu, tafadhali. Tembe lote likipepesuka linakuwa disko.

Taa zangu zinawaka sekunde moja kisha zinakufa. Natumia betri ya volti 9. (Dada wa Mwanga, Kigoma)

Unaziunguza, dada yangu. LED nyeupe inataka volti 3 hivi, zilizobaki lazima zizuiwe na rizista. Toa 3 kwenye 9, zinabaki 6. Gawa kwa ampea 0.01, umeme unaoitosha taa, unapata omu 600. Chukua inayopatikana madukani, 680: mistari buluu, kijivu, kahawia. Mwanga ukiwa mkali bado, weka kubwa zaidi. Hata omu 2,000 haidhuru kitu. Mguu mrefu wa LED ni chanya.

Naweza kutumia pawabenki? Yangu inazima yenyewe baada ya muda mfupi.

Haijaharibika. Pawabenki nyingi zikiona umeme unaovutwa ni mdogo sana zinadhani simu imejaa, zinajizima. Kwa mfano, taa nane za miliampea 5 ni 40 tu. Tumia kasha la betri tatu za AA, zitakupa kama saa 50, na kila taa iwe na rizista yake ya omu 330.

Nataka kumtengenezea mjukuu nyumba ya wanasesere yenye taa. Ana miaka mitatu. (Bibi, Kachoma, Tabora)

Shikamoo bibi. Hapa sitanii: betri za duara bapa, kama za saa, zisiingie kabisa kwenye nyumba hiyo. Mtoto akimeza moja inaweza kumchoma koo ndani ya saa mbili. Weka AA kwenye kasha linalofungwa kwa skrubu. Umeme wa ukutani usiingizwe humo, wala mshumaa wa kweli.

Kwa nyumba ya kipimo cha moja kwa kumi na mbili, ile LED ya milimita 5 ndiyo hasa saizi yake, inalingana na balbu ya kawaida ya milimita 60. Kama huna pasi ya solda, fundi redio yeyote atakuungia, na muulize kwanza kama ana tochi mbovu za kung'olewa taa.